Nikodi kinga ya radi kwa kampuni ya umeme, au ninunue yangu?

Jambo fundi,

Mimi ni mama wa watoto wanne, mzaliwa wa Kabare, pale juu ya Bukavu, mashariki ya Kongo. Sasa ni mwaka wa tisa tuko Tampa, Florida, na miaka mitatu iliyopita Mungu alitusaidia tukanunua nyumba. Ni ndogo, ya tofali za saruji, vyumba vitatu, lakini ni yetu.

Radi si mgeni kwangu. Nimekulia mahali ambapo mawingu yakianza kushuka mlimani mama anafunika kioo kwa kitenge, anatuvua chochote chekundu, na tunakaa kimya mpaka ipite. Mtu akipigwa, swali la kwanza kwa majirani ni nani kaituma. Tofauti ni kwamba kule hatukuwa na cha kuungua. Ndani kulikuwa na kibatari na redio ya betri, basi.

Mwezi wa saba, saa kumi jioni, radi ilipiga mwaloni wa jirani yetu, hatua kama thelathini kutoka ukuta wetu. Gome lilichanika kutoka juu hadi chini. Sisi tulisikia kishindo, mtoto mdogo akalia, lakini taa hazikuzima hata sekunde moja, nikamshukuru Mungu nikaendelea kupika. Nusu saa baadaye binti yangu akasema intaneti imekufa. Tukaanza kuhesabu: kisanduku cha intaneti kimekufa, tivi ya sebuleni inaonyesha taa nyekundu tu, kompyuta ya binti iliyokuwa imechomekwa waya wa intaneti haiwaki, na boksi la kurekodi kamera za nje linanuka kama plastiki iliyoungua. Friji inafanya kazi. AC inafanya kazi. Mashine ya kufua, jiko, yote mazima. Hasara tumeipiga hesabu ni kama dola 2,100, na bima ya nyumba inataka dola 1,000 za kwanza tubebe wenyewe.

Haikupita wiki mbili, ikaja barua kutoka kampuni ya umeme. Wanasema watafunga kifaa kwenye mita kuzuia radi, dola 11.95 kila mwezi ndani ya bili, na wanatoa dhamana: friji, AC, mashine ya kufua au chombo kingine chenye mota kikiharibika, wanalipa mpaka dola 5,000. Nikamwita fundi wa umeme mwenye leseni, akasema anaweza kunifungia kifaa changu mwenyewe ndani ya boksi la breka kwa dola 480, kazi na kifaa pamoja. Mwanangu wa kwanza anacheka wote wawili. Ameona kifaa hichohicho mtandaoni kwa dola 89 na anasema atakifunga mwenyewe akiangalia video.

Bwana yangu anataka tukodi. Anasema pesa ya mwezi haiumi, na kikiungua kitu kuna wa kulipa. Mimi nimechoka na malipo yasiyo na mwisho. Simu kila mwezi, gari kila mwezi, na sasa radi nayo kila mwezi?

Nikuongezee jambo moja, sijui kama lina maana: mwaka jana tulibadilisha kampuni ya intaneti, na kijana aliyekuja kufunga alipitisha waya upande wa gereji kwa sababu ndiko tulikotaka kisanduku kikae. Mita ya umeme iko upande mwingine kabisa wa nyumba. Hatuna mpango wa kuhama. Nikodi au ninunue?

Mama Furaha, Tampa

*

Mama Furaha, najua kwenu Kivu shikamoo haisemwi sana, lakini mimi ni mtu wa Tanga na sina salamu nyingine kwa mama wa watu. Shikamoo, na pole kwa hasara.

Hilo jambo moja uliloliongeza mwisho, ukidhani labda halina maana, ndilo lililonifanya niisome barua yako mara ya pili. Kukodi na kununua nitafika. Ila kwanza tuangalie vitu ambavyo havikuungua.

Umeme wa radi ukiingia nyumbani kwa kupitia mita, unakwenda kwenye boksi la breka na kutoka hapo unasambaa kila chumba. Ningetegemea AC ilie ya kwanza, maana ile mashine ya nje ina ubao wake wa elektroniki na iko mbali mwisho wa waya. Ningetegemea friji ya kisasa nayo iguswe, au jiko lenye saa ya kidijitali. Kwako vyote vimepona, na taa hata hazikupepesa. Vilivyokufa ni vinne, na vyote vinne vina tabia moja: kila kimoja kimeshikwa na waya mbili kutoka njia mbili tofauti. Kuna waya wa umeme ukutani, na kuna waya wa intaneti au wa kamera. Kisanduku cha intaneti kiko hivyo, na kompyuta ya binti iliyochomekwa kwake. Boksi la kamera lina nyaya zinazotoka nje kabisa, chini ya paa. Tivi sikuambiwa, lakini naweka dau kwamba ilikuwa imeunganishwa na kimojawapo cha hivyo.

Kwa hiyo mgeni wako hakuingia kwa mlango wa mbele, Mama Furaha. Aliingia kwa mlango wa gereji.

Nieleze ilivyo, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Radi ya kawaida ina mkondo wa kama ampea 30,000, na breka kuu ya nyumba kama yako huenda ni ya ampea 200. Inapopiga mwaloni, umeme wote huo unaingia ardhini na ardhi yenyewe pale inapanda volti. Haipandi sawa kila mahali. Karibu na mti inapanda sana, upande wa pili wa nyumba inapanda kidogo. Na mchanga wa Florida, hasa ukiwa mkavu, haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo tofauti kati ya pembe mbili za nyumba moja inaweza kuwa maelfu ya volti kwa kitambo ambacho jicho halioni. Chukua mfano: ampea 1,000 tu, yaani sehemu ndogo ya radi ile, zikipita kwenye nondo ya ethi, ile fimbo ya chuma iliyozamishwa ardhini kupeleka umeme chini, yenye ukinzani wa omu 25, nondo hiyo inapanda hadi volti 25,000.

Sasa nyumba yako ina ethi yake karibu na mita. Yule kijana wa intaneti aliingiza waya upande wa gereji. Ama alichomeka nondo yake mwenyewe pale ardhini na kuiacha peke yake, ama hakuweka ethi kabisa. Nimeona zote mbili mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, na simlaumu sana kijana: anapewa nyumba nyingi kwa siku, na kutembeza waya wa shaba kuzunguka nyumba nzima mpaka kwenye mita ni kazi ya saa zima. Lakini matokeo yake ni kwamba una ethi mbili zisizojuana. Radi ikipiga, moja iko juu na nyingine iko chini, na umeme unatafuta njia ya kutoka moja kwenda nyingine. Mahali pekee ndani ya nyumba ambapo waya za pande zote mbili zinakutana ni ndani ya tivi, ndani ya kisanduku cha intaneti, ndani ya kompyuta ya binti yako. Hapo ndipo ethi hizo mbili zilipomalizana.

Kanuni za umeme za Marekani hazikuliacha hili hewani. Waya wa intaneti au wa televisheni unaoingia nyumbani lazima ufungwe ethi, na ethi hiyo iunganishwe na ile ya nyumba. Kama kuna nondo ya pili, basi nondo hizo mbili zifungwe pamoja kwa waya wa shaba usiopungua namba 6 kwa kipimo cha Marekani, shaba yenye unene wa kama milimita nne. Nenda ukutani upande wa gereji siku ya jua. Utakuta mahali waya wa intaneti unapoingia kuna kipande kidogo cha chuma chenye skrubu. Tazama kama kuna waya wa shaba au wa kijani unaotoka hapo, kisha ufuate kwa macho unakwenda wapi. Usipouona, au ukiishia kwenye nondo iliyo peke yake, au umefungwa kwenye bomba la maji la bustani, umepata jibu la nani alikuunguzia tivi. Piga simu kampuni ya intaneti, waambie ethi ya waya wao haijaunganishwa na ethi ya nyumba, na udai warudi. Tumia maneno hayohayo. Ukisema tu “radi imeniunguzia”, watakuletea kisanduku kipya na kukichomeka palepale.

Ushauri wangu, kama nyumba ingekuwa yangu, ni kuusogeza waya wa intaneti uingie upande wa mita. Kila kitu kiingie kwa mlango mmoja, na mlangoni kuwe na ethi moja. Ni hapo tu ndipo maneno ya kukodi au kununua yanapoanza kuwa na thamani.

Haya, tuje kwenye hicho kifaa chenyewe. Nitakiita gadi, ingawa jina hilo linaweza kukupoteza. Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tunajua frijigadi na tivigadi, vile visanduku vyenye taa ya kijani na nyekundu, umeme ukipanda au kushuka vinakata, vinasubiri dakika kadhaa, vinarudisha. Gadi ya nyumba nzima haikati kitu. Haimsaidii mtu ambaye umeme wake unashuka na kupanda siku nzima. Ndani yake kuna vidonge vya oksidi ya zinki ambavyo kwa volti ya kawaida ni kama ukuta, havipitishi kitu. Volti ikiruka ghafla, ukuta unafunguka kwa sehemu ndogo mno ya sekunde na kuumwaga umeme uliozidi kwenye nyutro (waya wa kurudishia umeme) na ethi, kisha unajifunga tena. Kila inapofanya kazi hiyo inachakaa kidogo. Ndiyo maana ina taa ndogo, na taa ikizima gadi imekufa, hata kama nyumba inawaka vizuri.

Anachotaka kukukodishia mtu wa kampuni ya umeme ni gadi ya Aina ya 1, yaani inayoruhusiwa kufungwa hata kabla ya breka kuu; yao inakaa kati ya mita na soketi yake, nje ukutani. Hiyo si ulaghai. Ni kifaa kizuri na mahali ni pazuri, mwanzo kabisa wa mlango wa mbele. Na pale nyuma ya mita panafungwa kwa lakiri ya kampuni, mtu wa nje haruhusiwi kugusa, kwa hiyo huko huna fundi mwingine wa kumwita.

Lakini soma barua yao tena na vitu vyako vinne mkononi. Gadi ya kwenye mita inasimamia mlango wa mita. Waya wa intaneti haiujui, haiuoni. Ingekuwepo mwezi wa saba, tivi na kompyuta vingeungua vilevile. Kisha angalia dhamana: friji, AC, mashine ya kufua, vyombo vyenye mota. Katika vyako vinne vilivyoungua hakuna hata kimoja chenye mota. Bwana yako anasema kikiungua kitu kuna wa kulipa, na mimi namwelewa, ni neno tamu. Ila kwa hasara mliyoipata nyinyi wasingelipa hata senti.

Mwambie baba watoto kwamba mikataba ya namna hii anunue miwani kabla ya kuisoma. Mingi inataka uthibitishe kwamba umeme ulipita kwenye mita na si njia nyingine, na wewe ndiye wa kuthibitisha, kwa barua ya fundi unayemlipa mwenyewe. Mingi inataka uanze na bima yako ya nyumba, wao wajaze kilichobaki. Mingi ina idadi ya siku za kudai, na ukizipita imekula kwako. Huo wenu sijauona. Hayo matatu ndiyo ya kutafuta ndani yake, na la nne ni kama vitu vya elektroniki vimeandikwa kwa jina au vimeachwa. Kuna kampuni zinazouza ngazi ya pili ya dhamana kwa tivi na kompyuta, kwa pesa ya ziada. Hapo ndipo dola 12 zinakuwa 20 bila mtu kushtuka.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Dola 11.95 kwa mwezi ni dola 143.40 kwa mwaka. Dola 480 za fundi wako zinalingana na kukodi kwa miezi arobaini, yaani miaka mitatu na miezi minne. Baada ya hapo wewe umemaliza, jirani aliyekodi anaendelea. Miaka kumi ya kukodi ni dola 1,434. Kweli gadi yako inaweza kufa katikati ya safari, lakini kifaa chenyewe ni sehemu tu ya zile 480; kingine kama hicho huenda kikakugharimu dola mia moja na kitu au mia mbili, pamoja na saa moja ya fundi. Mmesema hamhami. Nunua.

Na sasa huyo kijana wa dola 89. Namwambia hivi kwa upendo, maana na mimi nilikuwa kijana: kuna nyaya mbili nene ndani ya lile boksi zinazotoka kwenye mita, na zina umeme hata ukizima breka kuu. Hazizimiki mpaka kampuni ing'oe mita. Kwenye video mikono ya yule mtu haitetemeki kwa sababu amefanya mara elfu. Bei ya fundi unayolipa ni kwa ajili ya hizo nyaya mbili, na kwa kibali cha kaunti ambacho atakuombea, na siku bima wakiuliza nani aligusa boksi, una karatasi.

Kijana lakini anaweza kuwa na faida: mpe kazi ya kusoma lebo. Gadi iwe na alama ya UL 1449, kiwango cha usalama cha vifaa hivi. Iwe Aina ya 1 au Aina ya 2 (ile ya kufungwa baada ya breka kuu), zote zinafaa ndani ya boksi. Matangazo yatampigia kelele za kiloampea 100, 150, 200. Asibabaike nazo. Atafute kwanza volti inayopita baada ya gadi kufanya kazi, imeandikwa VPR. Kwa nyumba ya volti 120 na 240 kama yenu, 600 ni nzuri, 700 inavumilika, na ndogo ni bora kuliko kubwa. Kisha atafute mkondo wa kawaida wa kumwaga, imeandikwa In: kiloampea 20 ndiyo ya kuchukua, 10 ni ya chini. Kifaa kizuri chenye namba hizo si cha dola 89 siku zote, lakini si mara tatu yake pia.

Siku fundi anakuja, simama naye, usiende jikoni. Muulize jambo moja tu: waya za gadi zitakuwa na urefu gani? Jibu unalotaka ni fupi kadiri inavyowezekana, na ziende moja kwa moja. Umeme wa radi unakimbia haraka mno kiasi kwamba hata waya wa shaba ulionyooka unaupinga. Kila inchi ya ziada inaongeza volti kama ishirini juu ya zile zinazofika kwenye friji yako. Nimeingia nyumba moja Orlando, gadi ya pesa nyingi, fundi ameuviringa waya uliobaki duara safi kama kamba ya meli, akaufunga kwa kamba ya plastiki. Mzuri kutazama, na nusu ya pesa ya mwenye nyumba imefungwa kwenye duara lile. Gadi ikae ubavuni kwa boksi, breka yake iwe juu kabisa karibu na breka kuu, na waya zikatwe.

Mwambie pia aangalie ethi ya nyumba yenyewe wakati yupo. Klampu zilizokaa nje miaka ishirini kwenye unyevu wa Tampa hulegea na kushika kutu, na gadi bila ethi ni ndoo bila shimo la kumwagia maji. Jambo jingine dogo: tangu toleo la 2020 kanuni za Marekani zinataka gadi kwenye kila nyumba mpya na kila nyumba inayobadilishiwa boksi kuu, na Florida ilianza kulifuata toleo hilo mwishoni mwa 2023. Kama aliyewauzia nyumba alikuwa na hamu ya mambo ya kisasa akabadilisha boksi, huenda ipo tayari. Sidhani, lakini tazameni kabla hamjalipa 480.

Baada ya hapo, nyuma ya tivi na kisanduku cha intaneti weka kinga ndogo ya kuchomeka, lakini si ile ya umeme peke yake. Ununue yenye matundu ya waya wa intaneti pia, ili njia zote mbili zipite kwenye ethi moja kabla ya kufika kwenye kifaa. Kamera za nje kama zinatumia waya mrefu, fikiria zile za kutumia Wi-Fi mtakapokuwa mnanunua nyingine, maana waya wenye urefu wa mita ishirini chini ya paa ni antena ya radi.

Usidhani kwamba namwambia kila mtu asikodi. Mtu atakayehama baada ya mwaka au miwili, akodi, gadi haibebeki kwenye gari. Mtu ambaye boksi lake la breka limejaa na ni la zamani kiasi kwamba kulifungua ni kuanza ujenzi mpya, kukodi kwenye mita kunampa nafasi ya kupumua. Na kuna watu najua, wenye pesa kuliko mimi, ambao hawatatazama taa ya gadi hata mara moja kwa miaka kumi. Hao walipe kampuni, kama mkataba unasema kampuni itakuja kuangalia. Kama hausemi, wanalipia kifaa kinachoweza kuwa kimekufa tangu kimbunga cha mwaka juzi. Wapangaji, nyinyi hili la mita halipo mikononi mwenu, mwachieni mwenye nyumba, ninyi anzeni na ile kinga ndogo ya kuchomeka.

Na hakuna gadi, ya kukodi wala ya kununua, inayozuia radi iliyoipiga nyumba yenyewe. Hiyo ni kazi ya fito za radi juu ya paa na waya wake mpaka ardhini, kazi nyingine na fundi mwingine. Mwenye barua yoyote anayekuahidi vinginevyo, irudishe kwenye bahasha.

Wewe hili huhitaji kuelezwa sana. Utafiti uliochapishwa 2016, uliotumia data za setilaiti ya NASA, uliiweka Kabare ya pili duniani kwa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela tu: zaidi ya miale 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Watu wa Florida wanajisifu kwamba Tampa na Orlando ndiyo njia kuu ya radi ya Marekani, upepo wa Ghuba ya Meksiko ukikutana na wa Atlantiki kila alasiri ya kiangazi. Ni kweli. Lakini wewe ulitoka kwenye ngoma yenyewe ukaja kwenye mwangwi.

Msimu bado una wiki kadhaa. Mpaka kampuni ya intaneti irudi na fundi apate nafasi, fanya alivyokuwa akifanya mama yako, kwa vifaa vya sasa. Wingu likijikusanya upande wa mashariki baada ya saa nane mchana, chomoa tivi, chomoa kompyuta, na chomoa waya wa intaneti nyuma ya kisanduku, huo ndio muhimu zaidi. Fanya hivyo kabla ya ngurumo ya kwanza. Ikishaanza usiguse waya wowote wala bomba, usioge, usioshe vyombo, subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Nitumie picha ya ule ukuta wa gereji ukishaupata. Kama waya wa shaba haupo, nitakuandikia maneno ya kuwaambia, na ile dola 1,000 ya bima tutaizungumza upya.